Mizunguko Elfu Kumi Juu ya Meza ya Fundi

Sahani za hadi diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 katika kila sekunde. Za diski ya kasi huzunguka mara 10,000. Tarakimu hizo zikitajwa dukani, mnunuzi huona jibu limeshapatikana: kubwa ndiyo bora, alipe aondoke. Fundi ninayetaka kumwandika hapa hapokei jibu kwa wepesi huo. Meza yake iko ghorofa ya kwanza ya jengo moja la Kariakoo, Dar es Salaam, katika chumba ambacho watu watatu wakiingia wa nne hungoja kwenye ngazi, na kazi anayoipenda kuliko zote ni kupima. Nilikaa pembeni ya meza hiyo nikamtazama akiipima diski moja ya mizunguko 10,000 tangu asubuhi hadi jioni. Niliona ufundi ambao ni rahisi kuupita bila kuutambua, kwa sababu kwa muda mwingi mikono ya fundi imetulia.

Diski ililetwa na mwalimu wa sekondari anayekaribia kustaafu, mkazi wa Tabata. Nyumbani ana kompyuta ya mezani ya mtumba, ya aina zile zilizotumika maofisini Ulaya kabla ya kuletwa huku, na ndani yake mna hadi diski ya gigabaiti 500 inayozunguka mara 7,200. Jirani yake alikuwa anamuuzia nyingine, VelociRaptor ya Western Digital, gigabaiti 300, kwa maelezo kwamba ni diski ya kasi na akiifunga mashine itapaa. Mwalimu hakukubali wala hakukataa. Alimwomba jirani ampe diski akaipimishe, akapakia na kompyuta yenyewe kwenye bajaji, akaja mjini.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, baba. Mashine imekuwa nzito. Sasa nataka uniambie kama hii diski inafaa hela anayoitaka jirani.”

“Inakuwa nzito wakati gani, mwalimu?”

“Wakati wote.”

“Ukiiwasha? Ukifungua mtihani wa kuchapa? Au ukihamisha picha?”

Mwalimu alifikiri kabla ya kujibu. Kero kubwa ni kuwasha. Kisha zile dakika za mwanzo, skrini imeshafunguka lakini ukibofya kitu hakitokei. Picha hazimsumbui, na katuni za wajukuu hucheza bila kukwama. Fundi aliandika kila jibu kwa penseli nyuma ya karatasi ya oda ya zamani, na karatasi hiyo ilibaki mezani siku nzima. Kila alipomaliza hatua moja aliirudia kuisoma.

Kabla ya kugusa bisibisi aliiwasha mashine kama ilivyo na kufungua dirisha la Windows linaloonyesha nani anatumia nini. Alianza na ramu, maana kompyuta iliyoishiwa ramu hugeuza diski kuwa ramu ya dharura, na hapo dawa ni kuongeza ramu, wala hakuna haja ya kumnunulisha mtu diski. Palikuwa na gigabaiti 8, na nusu yake ilikuwa wazi. Prosesa ilikuwa imepumzika. Diski ndiyo iliyoonyesha asilimia 100. Kisha akaweka ncha ya penseli kwenye mstari ambao mimi ningeupita: diski ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, lakini data iliyokuwa inapita haikuzidi megabaiti mbili kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikipewa filamu moja ndefu kuisoma, hupitisha zaidi ya megabaiti 100.

“Mwalimu, fikiria duka la Mangi,” alisema. “Mteja mmoja akitaka gunia la mchele, Mangi analitoa mara moja, kazi imekwisha. Wakija wateja arobaini, huyu chumvi, huyu kiberiti, huyu sukari robo, Mangi anatembea kutwa, na vyote alivyotoa havijazi kapu.”

Kompyuta inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika diskini, na muda huliwa na safari ya kuvifuata. Safari hiyo ina sehemu mbili, na fundi anazijua kwa milisekunde. Kwanza, mkono wenye kichwa cha kusomea usogee hadi kwenye njia iliyo sahihi. Kwa diski nyingi za mezani hilo huchukua wastani wa milisekunde nane au tisa. Halafu kichwa kingoje sahani izunguke mpaka kipande kinachotakiwa kifike chini yake, na kwa wastani kungoja huko ni nusu ya mzunguko. Aliziandika: mizunguko 5,400, ya diski nyingi za laptop, milisekunde 5.6, mizunguko 7,200, milisekunde 4.2, mizunguko 10,000, milisekunde 3, mizunguko 15,000, ya diski za seva, milisekunde 2. Akapiga mstari kati ya ya pili na ya tatu, akaandika tofauti yake: 1.2. Mzunguko wenyewe unamwokolea mwalimu hizo tu kwa kila kipande. Faida nyingine ya diski ya kasi inatoka kwenye mkono, ambao ni mwepesi na una njia fupi ya kusafiri.

Milisekunde hizo ziliwahi kuwa na thamani kubwa, na fundi huzizungumzia kwa heshima. Seagate ilitoa Barracuda ya mizunguko 7,200 mwaka 1992, ikatoa Cheetah ya 10,000 mwaka 1996 na ya 15,000 mwaka 2000, zote kwa ajili ya seva. Kasi ya 10,000 iliingia kwenye kompyuta za nyumbani mwaka 2003, Western Digital ilipotoa Raptor ya gigabaiti 36 yenye tundu la SATA. VelociRaptor ilifuata mwaka 2008, gigabaiti 300 kwa dola 299 za Marekani. Mwaka huohuo Intel ilitoa X25-M, diski ya SSD isiyo na sahani wala mota, gigabaiti 80 kwa dola 595. Gigabaiti moja ya SSD iligharimu zaidi ya mara saba ya ile ya VelociRaptor. Mtu aliyenunua VelociRaptor wakati huo alinunua kwa hesabu iliyokaa sawa. Swali la mwalimu lilikuwa thamani hiyo imebaki kiasi gani.

Sasa ndipo mashine ilipozimwa. Fundi alichomoa waya wa umeme ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, akagusa chuma cha kasha kwa kiganja, kisha akafungua mfuniko. Vumbi la Dar es Salaam huingia kila mahali, na karibu na bahari huja na unyevu wa chumvi, hivyo hugandamana. Alilipuliza kwa blowa ndogo, huku kidole kimoja kikiizuia feni isizunguke kwa upepo ule, maana feni inayozungushwa kwa nguvu huharibu beringi zake na inaweza hata kurudisha umeme kwenye bodi. Lililogoma alilifagia kwa brashi ya rangi yenye nywele laini. Hakuna aliyemwomba afanye usafi huo. Lakini joto ni sehemu ya kipimo: diski nyingi za nyumbani zimewekewa kikomo cha nyuzi 60, na diski inayozunguka haraka hutoa joto zaidi ndani ya kasha hilohilo.

Alizitoa skrubu nne za diski ya mwalimu na kuzipanga juu ya kipande cha sumaku kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Kisha akaichomeka diski kwenye kompyuta yake ya majaribio na kufungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe tangu siku ya kwanza. Ripoti ina mistari mingi. Anayoisoma kwanza ni minne: saa ambazo diski imekuwa ikiwaka, sekta zilizoharibika na kuhamishwa, sekta zenye mashaka zinazosubiri kuamuliwa, na makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na bodi.

Mstari wa nne ndio uliomsimamisha. Diski ya mwalimu ilikuwa haina sekta hata moja mbovu, lakini makosa ya njiani yalikuwa mengi. Makosa ya aina hiyo kwa kawaida hutokana na waya. Aliuchukua waya wa SATA uliotoka kwenye ile mashine, akaukunja taratibu kwenye mwanga wa taa, akanionyesha mahali ulipobanwa na kasha hadi plastiki ikapauka. Hesabu ya mstari huo hairudi nyuma hata tatizo likiisha, kwa hiyo aliandika idadi yake kwenye karatasi, akatenga waya mpya, na kuweka alama ya kuja kuitazama tena jioni. Kama haitakuwa imepanda, waya ndio ulikuwa na kosa.

VelociRaptor ilikuwa na ripoti ya mzee aliyefanya kazi. Ilikuwa imewaka kwa zaidi ya saa 41,000, ambazo ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kuzunguka mchana na usiku, na ilikuwa imehamisha sekta chache. Hakukuwa na sekta zenye mashaka. Fundi hakusema lolote. Aliianzisha programu ya kukagua uso wa diski, ile inayopita sekta moja baada ya nyingine kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuiweka diski juu ya kipande cha mpira ili mtetemo wa meza usiidanganye. Gigabaiti 300 kwa mwendo wa diski ile ni kama dakika 50. Hakuna njia ya kuuharakisha ukaguzi huo bila kuruka sehemu, na yeye haruki. Kila baada ya muda aliweka vidole juu ya diski, hapo hapo, bila kubonyeza, akisikiliza kwa ngozi mtetemo wa mhimili na joto linavyopanda.

Dakika hizo ndizo zilizonipa nafasi ya kuona ndani. Chini ya meza fundi ana diski zilizokufa ambazo hazina data ya mtu, na alizitoa mbili: ya mezani ya mizunguko 7,200, na ya seva ya inchi 2.5 ya mizunguko 10,000. Skrubu zake ni za nyota, na huwa kuna moja iliyofichwa chini ya lebo. Aliitafuta kwa ncha ya kidole mpaka karatasi ikabonyea. Mfuniko ulipoinuka, sahani zilionekana, laini na angavu kiasi kwamba taa ya dari ilikuwa humo ndani nzima. Diski hai haifunguliwi hapa. Hufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi, na sababu iko kwenye ncha ya mkono: kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa tabaka la hewa la nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi la Kariakoo ikiingia hapo ni jabali.

Alizilaza sahani mbili mezani, moja kutoka kila diski, akapima kipenyo kwa rula ya chuma. Ya mizunguko 7,200 ina milimita 95. Ya mizunguko 10,000 ina 65 tu. VelociRaptor nayo iko hivyo: umbo lake la nje ni la inchi 3.5, lakini sehemu kubwa ya umbo hilo ni fremu ya chuma yenye mapezi ya kupoza, na diski yenyewe iliyokaa katikati ni ya inchi 2.5. Nilifanya hesabu. Ukingo wa sahani kubwa kwa mizunguko 7,200 hukimbia kilomita 129 kwa saa. Ukingo wa sahani ndogo kwa mizunguko 10,000 hukimbia kilomita 123. Diski ya kasi, kwenye ukingo wake, haikimbii kuliko ya kawaida! Wahandisi walipotaka izunguke haraka waliipunguza sahani, kwa sababu sahani pana hupambana na hewa kwa nguvu inayoongezeka upesi sana, na nguvu hiyo huishia kuwa joto na mtetemo. Na kwa kuipunguza walimfupishia mkono safari. Walitoa nafasi ya kuhifadhi, wakapata muda. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mashine ya nyumbani imeonyesha uamuzi wa wahandisi waziwazi namna hiyo, kwa rula tu.

Mkono nao aliusogeza kwa ncha ya kibano. Nyuma yake kuna koili ya shaba iliyokaa kati ya sumaku mbili zenye nguvu. Umeme ukipita kwenye koili, mkono huenda, umeme ukigeuzwa, hurudi. Mkono wa diski ya seva ni mfupi, na sumaku zake ni nzito ukilinganisha na mwili wake. Fundi alinipa moja niishike karibu na bisibisi, ikanyakua bisibisi mkononi mwangu. Nguvu yote hiyo ni kwa ajili ya kukirusha kichwa upande mmoja na kukisimamisha pale pale panapotakiwa, mara zaidi ya mia kwa sekunde.

Ukaguzi wa uso ulikwisha bila sekta mpya kuharibika. Ilibaki kasi.

Alianza na faili kubwa, na matokeo yalimshangaza mwalimu. Sehemu ya nje ya sahani, ambako kila mzunguko mmoja hupitisha data nyingi, diski zote mbili zilikuwa karibu sawa, megabaiti 120 na ushee kwa sekunde. Ndani kabisa, diski ya mwalimu ilishuka hadi nusu, VelociRaptor haikushuka kiasi hicho. Sababu ya kulingana huko kwa nje ni umri. Diski ya gigabaiti 500 ilitengenezwa baadaye, wakati sahani moja ilikuwa imejifunza kubeba data nyingi zaidi kwa kila milimita, kwa hiyo inazunguka polepole lakini kila mzunguko umejaa. Kwa kuhamisha picha na filamu, mizunguko 10,000 isingemwongezea mwalimu kitu cha kulipia.

Kwenye vipande vidogo mambo yaligeuka. Diski ya mwalimu ilichukua wastani wa milisekunde 14 kufikia kipande kimoja popote kilipo. VelociRaptor ilichukua 7. Nusu kamili. Fundi alikaa akiitazama tarakimu hiyo, na nadhani nilimwona akiifurahia, kwa sababu ilikuwa inatoka kwenye mashine iliyozunguka kwa zaidi ya saa 41,000 na bado inafika mahali pake kwa wakati.

Angeweza kusimama hapo na kusema: inafaa. Badala yake alifungua droo na kutoa SSD ya gigabaiti 240, ya kawaida kabisa, ya bei ya chini kati ya alizonazo. Hata hiyo hakuiamini kwa sababu ya boksi. Alikuwa ameiweka tangu asubuhi kwenye mashine ya pembeni ikiendesha H2testw, programu inayoijaza diski hadi ukingoni kisha kusoma kila ilichoandika na kulinganisha, kwa sababu kuna diski na flashi bandia zinazodai ukubwa ambao hazina na hupoteza data bila kulalamika. Hii ilikuwa imerudisha kila kitu. Muda wake wa kufikia kipande ulikuwa karibu moja ya kumi ya milisekunde. Hakuna sahani ya kungojea wala mkono wa kusogeza.

Bado hakuridhika, maana mwalimu hakuja kulalamikia milisekunde. Alilalamikia kuwasha. Kwa hiyo fundi alifanya kilichochukua muda mrefu kuliko vyote. Kwanza, kabla ya lolote, alinakili data yote ya mwalimu kwenye diski ya akiba ya karakana, akafungua mafaili kadhaa ya nakala kuhakikisha yanafunguka. Kisha kwa Clonezilla aliinakili sehemu ya Windows, ile ya C, ilivyo, mara moja kwenye VelociRaptor na mara moja kwenye SSD, ili diski zote tatu ziwe na mfumo uleule na uchafu uleule. Akazifunga kwa zamu kwenye mashine ya mwalimu kwa waya mpya na kuwasha, saa ya simu mkononi. Hakuacha kuhesabu skrini ilipofunguka, maana mwalimu alisema wazi kwamba skrini ikifunguka bado mashine ni nzito. Alihesabu mpaka diski ikatulia na mtihani wa Kidato cha Nne ukafunguka kwenye Word. Kila diski aliipima mara nne na kuitupa hesabu ya kwanza, kwa kuwa mfumo ukijikuta kwenye diski mpya huwa na shughuli zake za kujipanga.

Diski ya zamani: karibu dakika tatu. VelociRaptor: dakika moja na sekunde hamsini. SSD: sekunde thelathini na kidogo.

Mwalimu, aliyekuwa amekwenda sokoni na kurudi na mifuko, alisimama akaisoma karatasi. “Kwa hiyo jirani hakunidanganya,” alisema. Na kweli hakumdanganya. Diski ya kasi ilikuwa imeokoa zaidi ya dakika nzima, na kama mezani kungekuwa na hizo mbili tu, fundi angesema inunuliwe kwa bei ya wastani. Lakini bei aliyoitaka jirani ilizidi ile ya SSD mpya, na diski yenyewe ilikuwa imeshaishi sehemu kubwa ya maisha yake.

Hapo mwalimu akauliza kama basi asinunue SSD ya kasi zaidi, zile zilizoandikwa tarakimu kubwa. Fundi alimgeuzia skrini. SSD ile boksi lake linataja megabaiti 500 kwa sekunde, lakini kwenye mashine ya mwalimu ilikuwa imesoma 260 na kitu, kwa sababu bodi ni ya kizazi cha SATA kisichozidi 300. Aliyeongeza hela kwa ajili ya tarakimu ya boksi angeziacha kwenye tundu hilo. Vipande vidogo, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinamchelewesha, hata bodi hiyo ya zamani inavipitisha bila shida.

Mwalimu aliuliza pia kama SSD huisha. Huisha, kwa kuandikwa. Kingston, kwa mfano, huipa A400 yake ya gigabaiti 240 kikomo cha kuandikwa terabaiti 80. Fundi alipiga hesabu mbele yake: hata akiandika gigabaiti 20 kila siku, na mitihani yake haifiki hapo, ni siku 4,000, karibu miaka kumi na moja.

Kufunga kulikwenda kimya. Aliingia kwenye BIOS kuthibitisha kwamba matundu ya SATA yako kwenye AHCI, namna ya mawasiliano inayoifaa SSD, akaipa SSD tundu la kwanza, akairudisha diski ya 7,200 kwenye tundu la pili ibaki na picha na katuni, kazi ambayo inaiweza vizuri. Windows ya zamani aliiacha humo humo bila kuifuta, akamwambia mwalimu akae nayo mwezi mmoja, akiona hakuna alichokikosa arudi waifute pamoja. Skrubu zilitoka kwenye sumaku zikarudi kila moja kwenye tundu lake. Waya aliupitisha mbali na ukingo wa kasha. Mwisho alifungua tena ripoti ya afya na kuweka karatasi pembeni ya skrini. Makosa ya njiani yalikuwa yale yale ya asubuhi, hata moja halikuongezeka.

VelociRaptor aliifuta alichonakili, akaitia kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na kuambatanisha kipande cha karatasi: saa ilizowaka, sekta zilizohamishwa, joto lililofikiwa, milisekunde 7. Chini yake akaandika bei ambayo yeye mwenyewe angeinunua. Haikuwa ndogo sana. Alisema kuna watu wana mashine za kuhariri muziki za miaka ile ile ambazo diski hiyo ingezifaa, na mnunuzi akiikuta na karatasi hiyo atajua anachopata.

Mwalimu alilipa na kuanza kukusanya mifuko yake. Fundi alimkumbusha mambo mawili, kununua UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika hakuna diski inayosalimika kwa hakika, na kutafuta diski ya nje ya kuwekea nakala ya picha, kwa sababu SSD ikifa huwa haigongi wala kuunguruma kwanza.

“Na hiyo ya nje,” mwalimu aliuliza, “iwe ya kasi gani?”

“Hiyo 5,400 inatosha, mwalimu. Unaiacha inanakili usiku.”